Vidonge vya Mama Konsolata

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye sherehe ya Mama Konsolata ya kutimiza miaka themanini, katika ukumbi wa kukodi pale Rooty Hill, huku Australia. Nilimkuta mwenye siku yake ameketi kwenye kiti kilichovishwa kitambaa cheupe, kitenge kipya mwilini, anacheza kwa mabega tu kwa sababu magoti yamegoma. Kwenye karatasi za serikali alizaliwa tarehe mosi Januari, kama walivyozaliwa karibu watu wote waliopitia kambi zile za wakimbizi za Kigoma, maana karani wa kambi hakuwa na muda wa kubishana na mtu aliyezaliwa wakati wa kuvuna maharage. Lakini wanawe wameona kwamba Januari ni joto na watu wako likizo, kwa hiyo mama yao huzaliwa siku yoyote ukumbi unapopatikana. Nilikaa meza moja na mjukuu wake, msichana wa chuo, anayeelewa kila neno la Kiswahili na kulijibu kwa Kiingereza. Aliniuliza mimi na bibi yake tulijuana vipi. Nikamwambia, "Kazini." Akasema "Oh, nice," akarudi kwenye simu yake. Nilibaki nikijionea haya, kwa kuwa jibu lenyewe lilikuwa fupi mno. Mwaka niliojuana na Mama Konsolata nusura nimuue, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Sasa hayo unamwambiaje mtoto wa watu wakati keki inakatwa?

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na kwa hesabu za kwetu bado kijana, hasa kwa kuwa sikuwa na mume wala mtoto wa kunizeesha. Ndiyo kwanza nilikuwa nimepata leseni ya nesi praktishina. Wakati ule ilinibidi nieleze maana yake mara kumi kwa siku, na hadi leo naeleza: ni nesi aliyerudi shule baada ya miaka ya wodini, akaruhusiwa kumpima mgonjwa yeye mwenyewe, kuagiza vipimo vya damu, kuandika dawa na kutia sahihi yake chini, bila kusubiri daktari aje kubariki. Kliniki iliyoniajiri ilikuwa kitongoji cha Macquarie Fields, ndani ya nyumba ya matofali ya kawaida, na chumba nilichopewa kilikuwa jiko la nyumba hiyo. Jiko lenyewe walikuwa wameling'oa lakini alama yake ilibaki sakafuni, na kabati za vyombo zilibaki ukutani, nami nikapanga bandeji na sindano mahali pa vikombe. Sinki lilikuwa kubwa la kuoshea sufuria. Daktari Helen, mwenye kliniki, Mwaustralia mrefu anayevaa viatu vya kupandia milima kila siku ya Mungu, aliniomba radhi kwamba chumba hakina hadhi. Akasema tujaribu mwaka mmoja, watu wakija nitabaki.

Watu walikuja, hilo siwezi kulalamika. Shida ni kwamba walikuja, nikawapima, wakanishukuru, kisha wakatoka wakaenda mapokezi kuulizia daktari. Mtu wangu wa mfano alikuwa Mzee Kasongo, Mkongo wa Uvira, mzee wa kanisa, aliyekuwa akipakia mizigo kwenye ghala. Nilimsikiliza mapafu, nikampima presha nikaikuta juu, nikamweleza habari ya chumvi na habari ya kidonge kimoja cha kila siku. Alinisikiliza kwa adabu zote, kofia yake magotini. Nilipomaliza akainuka, akaniambia, "Aksanti sana, Sista Vero. Unafanya kazi muzuri. Sasa munganga iko wapi?" Nikamwambia munganga wake wa leo ni mimi. Akacheka taratibu, kama mtu mzima anavyocheka kichekesho cha mtoto asimvunje moyo, akaenda kukaa upya kwenye foleni ya Daktari Helen. Foleni ikawa ndefu, muda wa shifti yake ukafika, akaondoka bila daktari na bila dawa. Karatasi niliyomwandikia niliikuta kwenye kiti, ameikunja vizuri kabisa.

Nilikuwa bado naishi Kensington, kwenye nyumba ya kupanga niliyoanza nayo tangu nikiwa mwanafunzi, pamoja na Njeri, Mkenya aliyekuwa anasomea uhandisi na kupika chapati za kushindana na Wahindi. Safari ya kwenda kazini ilikuwa basi kisha treni, zaidi ya saa moja kwenda na zaidi ya saa moja kurudi, na nilipofika nyumbani Njeri alikuwa akinipokea na sahani na maneno. "Half-daktari amerudi. Leo wamekukimbia wangapi?" Nami namhesabia, tunacheka mpaka chapati zinapoa. Siku nyingine nilikuwa nacheka usoni tu. Miaka tisa ya kazi na miwili ya shule ya ziada, halafu mtu anakuacha na karatasi yako kwenye kiti. Iliniuma, sitaki kusema uongo. Waaustralia hawakunisumbua, wao walishazoea. Walionikataa ni watu wangu, wale ambao nilijidai kwamba mimi ndiye ninayewajua.

Mama Konsolata ndiye wa kwanza ambaye hakunikimbia. Aliingia mwezi wa tatu, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, akakitazama chumba, akazitazama kabati, akalitazama sinki. "Kumbe umenipokea jikoni," akasema. "Basi mimi si mgeni." Alikuwa Mrundi, ameishi kambini karibu miaka ishirini kabla ya kuletwa huku, na sasa alikuwa akikaa mitaa miwili tu kutoka kliniki, kwenye nyumba za serikali, na ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko la kanisa lao. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniita binti yangu. Nikampima. Presha ilikuwa mia moja themanini na sita kwa mia moja na nne. Nilirudia kupima nikidhani mashine imechoka, nayo ikasema vilevile. Nilimweleza kwamba kwa presha ya namna hiyo mtu anaweza kupooza akiwa anachambua mchele. Akaitikia kwa kichwa, akasema Mungu ni mwema. Nikamwandikia kidonge cha kwanza, na yeye hakwenda mapokezi kuulizia mtu mwingine. Alikwenda moja kwa moja dukani kuchukua dawa. Ningeweza kumbusu.

Baada ya mwezi alirudi, amevaa gauni la Jumapili na kilemba, kama mtu anayekwenda kwenye kipaimara. Nikamuuliza kama anakunywa dawa. "Ninakunywa, binti yangu, kila asubuhi kabla ya chai." Nikampima. Mia moja themanini na nne. Sasa hapa ndipo penye kosa langu, na nimelirudia kichwani mara nyingi kiasi kwamba nalijua kama sala. Muuguzi yeyote wa mwaka wa pili angeuliza tena. Angesema, wiki hii umesahau mara ngapi? Angeomba aone boksi. Lakini mimi nililelewa kwamba mtu mzima ukishamuuliza jambo akakujibu, limekwisha. Kumuuliza mara ya pili ni kumwambia kwamba hukumwamini, na kumwambia mama wa umri ule kwamba hukumwamini ni kumwita mwongo mbele ya kabati za vyombo. Ulimi wangu ulikataa. Badala yake nikaandika kwenye faili kwamba anakunywa kila siku, nikaongeza nguvu ya kidonge.

Mwezi wa tano mambo yalikuwa yaleyale, nikaongeza dawa ya pili. Mwezi wa sita nikaagiza vipimo vya damu na vya figo, vyote vikarudi salama, nami nikakuna kichwa. Daktari Helen alipitia faili langu kama tulivyokubaliana, akaniuliza kama nina hakika mgonjwa anameza dawa. Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba Mama Konsolata si mtu wa namna hiyo. Daktari Helen mwenyewe nilikuwa nikimsikia akiwauliza wagonjwa wake maswali ambayo kwetu yangeitisha kikao cha ukoo. Mzee wa miaka themanini na tano anaulizwa, haya niambie, wiki hii umeruka vidonge vingapi, naye anajibu vitatu bila kupepesa. Nilikuwa nasikia ukutani, najisemea kimoyomoyo kwamba hawa watu hawana heshima. Nyumbani nilimweleza Njeri habari ya mama ambaye presha yake haisikii dawa, bila kumtaja jina. Njeri akageuza chapati. "Manze, si umuulize tu?" Nikamwambia nimeshamuuliza. "Umuulize tena." Nikamwambia Wakenya hamna adabu. Akasema adabu ndiyo itamuua huyo mama yako, akaniwekea chapati nyingine. Wiki iliyofuata nilimwandikia Mama Konsolata dawa ya tatu.

Mama Konsolata alikuwa na binti wa kumzaa, Esperansi, aliyekuwa akiishi Rooty Hill na kufanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwezi wa saba, likizo ya shule ilipofika, alimchukua mama yake akae kwake wiki mbili kumwangalilia watoto. Sasa mfikirie Esperansi. Kazi yake, inayomlipia nyumba na gari, ni kuhakikisha wazee wanameza vidonge vyao vyote, kwa saa yake, mbele ya macho yake. Alimkuta mama yake na maboksi matatu yenye jina la Sista Vero. Akasoma maelekezo, akapanga vidonge, na kila asubuhi akasimama na glasi ya maji mpaka mama amemeza na kufungua mdomo kuonyesha. Siku ya nne, saa mbili asubuhi, Mama Konsolata akiwa anawakorogea wajukuu uji, alianguka chini jikoni. Wajukuu walipiga simu ya dharura kabla mama yao hajatoka bafuni. Simu ya Esperansi ilinifikia saa nne, nikiwa nafunga kidonda cha mtu. "Sista," alisema, na sauti yake ilikuwa baridi, "dawa zako zimemwangusha mama yangu. Presha themanini na nane kwa hamsini. Ulikuwa unamtibu au unamjaribia dawa?"

Nilimaliza kidonda, sijui vipi. Nilijua palepale kilichotokea, kama unavyojua umefunga mlango funguo zikiwa ndani. Mwili uliokuwa unameza dawa tatu kila siku kwa kweli usingeporomoka namna ile baada ya siku nne. Mwili wake ulikuwa haujazizoea. Nilikuwa nimeongeza dawa juu ya dawa ambazo hazikuwa zinamezwa, na siku zilipomezwa zote pamoja, zikamwangusha. Nilimfuata Daktari Helen ofisini kwake nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakunifokea. Aliniuliza, "Ulimuuliza mara ngapi?" Nikasema mara moja kila alipokuja. Akasema na yeye alisoma neno "kila siku" kwenye faili akaliamini, kwa hiyo taarifa ya tukio tutaiandika kwa majina mawili. Akaniambia nichukue gari lake niende hospitali. Kwa miaka yote hii nimefanya kazi na madaktari wengi, na bado nampima kila mmoja kwa asubuhi ile.

Hospitalini Mama Konsolata alikuwa amekaa kitandani na dripu mkononi, uso umenawiri, anakula tosti ya hospitali kwa masikitiko. Esperansi alikuwa dirishani, mikono kifuani, hakunisalimia. Nilivuta kiti. Nikamwambia mama kwamba nimekuja kuomba radhi, kwamba nilimwandikia dawa nyingi kupita mahitaji yake, na kosa ni langu. "Hapana, binti yangu," akasema, akinipigapiga mkono. "Ni uchovu tu." Nikamuuliza kama kule nyumbani, kabla hajaja kwa Esperansi, alikuwa akizinywa. Akanitazama kwa yale macho mazuri. "Nilikuwa ninakunywa, binti yangu. Kila asubuhi kabla ya chai."

Hapo kitu kikanipanda. Sikukipanga, na ningekipanga nisingekithubutu. Labda ni lile neno binti, lilivyonifunga mdomo miezi mitano. Nikamwambia, "Mama, mimi naacha ubinti. Nimeujaribu nimeshindwa. Binti anakuogopa. Kuanzia leo mimi ni mjukuu wako, na kwetu Tabora mjukuu na bibi yake ni watani, wanaambiana chochote." Akaacha kutafuna. Nikavuta pumzi. "Na kama mjukuu nakwambia, Bibi, wewe ni mwongo. Mwongo mkubwa, mwenye kilemba."

Esperansi aligeuka kama aliyemwagiwa maji. Nilidhani nimejimaliza. Mama Konsolata alinitazama, akamtazama binti yake, kisha mabega yakaanza kutikisika, kicheko kikaanzia tumboni kikapanda, mpaka mashine ya kitandani ikaanza kupiga kelele na nesi wa zamu akaja mbio. "Hata kwetu Burundi ni hivyohivyo," alisema alipopata pumzi, akifuta machozi kwa shuka. "Bibi na mjukuu hawana siri. Haya, njoo karibu, mwenye mdomo." Akaniambia. Kambini zahanati ilikuwa inatoa vidonge vya wiki moja uvifikishe mwezi. Wenye presha wakakaa chini ya uongozi wake wakaamua kuviweka pamoja kwenye kopo, na kila siku anakunywa yule ambaye kichwa kinamuuma siku hiyo. Wamevuka bahari, na kopo wamevuka nalo. Lilikuwa kwenye kabati la jiko la kanisa, na kila Jumamosi wakati wa kupika chakula cha ibada watu walikuwa wakipita. "Kichwa kikiniuma ninakunywa," alisema. "Kisiponiuma, kwa nini nimalize dawa, na Kasongo kichwa kinamuuma?"

Nilimwambia kwamba presha haiumizi kichwa kwa watu wengi, inaua kimyakimya. Akasema hayo hakuambiwa kambini. Nikaona aibu, maana na mimi sikumwambia. Nilikuwa nimemweleza chumvi, nimemweleza kupooza, nimemweleza figo, lakini hilo moja niliona kila mtu analijua. Nikiwa nimekaa pale nilianza kuhesabu wale wote walionishukuru wakaenda kutafuta munganga, wakaishia kukosa wote wawili. Kumbe walikuwa na nesi wao tangu zamani. Hana leseni, hana mashine, na dawa anazozigawa zina sahihi yangu.

Esperansi hakucheka. Alinisindikiza hadi kwenye lifti akaniambia ameelewa, lakini mama yake sasa ataonwa na daktari wa kweli, na ameshachukua miadi kwa Daktari Helen. Nikasema ni haki yake, na nilimaanisha. Niliwaza hata kumwandikia Daktari Helen barua kwamba chumba kile wakirudishe kuwa jiko. Usiku wa kwanza sikula, na wa pili Njeri alikaa mlangoni kwangu na sahani mpaka nikala. Hakusema "nilikwambia", na kwa Njeri kunyamaza ni sadaka kubwa.

Siku ya miadi niliacha mlango wangu wazi, nikajifanya napanga bandeji. Mama Konsolata alikuwa amekaa kwenye foleni na Esperansi pembeni, na Mzee Kasongo viti viwili kutoka kwao, kwani alikuwa bado anamtafuta munganga wake. Daktari Helen alitoka akamwita kwa jina. Mama Konsolata hakuinuka. Akaitwa tena. Esperansi akamshika kiwiko, "Mama, ni wewe." Na yeye kwa ile sauti yake ya chini, inayosikika hadi mtaa wa pili, akasema, "Huyo daktari nitamwambia ninakunywa, na yeye ataniamini, kwa sababu ni mtu mwema. Huyu wa jikoni ameshajua mimi ni mwongo. Mimi ninarudi kwa anayenijua." Akainuka, akashika kilemba chake, akaingia kwangu. Daktari Helen, ambaye hakuelewa hata neno moja, alinitazama, akafunga faili, akasema, "Next." Mzee Kasongo alikaa kidogo, akizungusha kofia. Halafu akamwambia mtu wa mapokezi kwamba na yeye, kama hakuna ubaya, anangoja Sista.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kanisani kwao, kwa mwaliko wa Bibi. Daktari Helen alikuwa ameridhia, mradi niandike kila kitu. Jiko lao lilikuwa na sufuria tatu za kufaa harusi, maharage yenye mawese, ugali wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa tangu asubuhi mpaka imekubali. Nilivaa aproni kwanza nikakata vitunguu, kwa sababu Bibi alisema mtu haulizwi habari zake na mgeni aliyesimama. Kisha akaliteremsha kopo, la biskuti, la duara, akalimwaga juu ya meza. Vidonge vyeupe, vya njano, vya rangi ya waridi, vya presha na vya sukari, na kimoja nilichokitambua kuwa cha mbwa, sijui kilifikaje. Watu walinitazama kama nitawaitia polisi. Bibi akawaambia, "Huyu ni mjukuu wangu. Atawatukana kidogo, mvumilie." Basi ikawa kazi rahisi. Nilipomuuliza Mzee Kasongo alichokuwa akimeza akaniambia nyeupe ikikosekana anachukua ya njano, nikamwuliza kama akikosa ndizi sokoni huwa ananunua sabuni. Jiko zima likacheka, na yeye akacheka kuliko wote, akavua kofia akakunja mkono wa shati nimpime. Nikampima pale, kati ya vitunguu na sombe, na hakuna aliyeuliza lolote juu ya daktari.

Jumamosi moja kila mwezi ikawa yangu. Kila mtu akapata dawa yake kwa jina lake, wengine niliwapeleka kwa Daktari Helen kwa sababu mambo yao yalinizidi, nao walikwenda kwa kuwa mimi ndiye niliyewatuma. Bibi alibaki mkuu wa jiko. Kazi yake mpya, aliyojipa mwenyewe, ilikuwa kuwasimamisha watu mlangoni na kuwauliza kama wamemeza, kwa ukali ambao sijauona hata wodini. Watu wa nje husema kazi kama yangu iliwekwa kwa sababu madaktari hawatoshi, na ni kweli hawatoshi. Lakini mimi nilijifunza mwaka ule kwamba hata wangetosha, kuna mtu ambaye hataugua vizuri mbele ya daktari. Atavaa gauni la Jumapili na kusema yuko salama. Anahitaji mtu wa kuugua mbele yake akiwa na kanga ya nyumbani.

Alikuja kwangu mara ya mwisho mwaka ule mwezi wa kumi na mbili, kliniki ikikaribia kufunga kwa Krismasi. Miezi mitatu mfululizo presha yake ilikuwa imetulia kwa vidonge viwili tu, vidogo, na nilikuwa nimeanza kujisifu. Siku ile nikakuta mia moja hamsini na nane. Nikaondoa mkanda mkononi mwake, nikamtazama, nikamuuliza lile swali ambalo kwa wakati huo lilikuwa limeshakuwa mzaha wetu. "Bibi, wiki hii umeruka ngapi?"

Nilisubiri anitukane. Hakunitukana. Alitazama mikono yake, akasema, "Siku mbili. Jumanne na Jumatano."

Nikamuuliza kwa nini, na kwa kweli nilifikiri ataniambia alisafiri.

"Tarehe hizo ndizo alizougua na kunifia Deo, kule kambini," akasema. "Mwanangu wa mwisho. Alikuwa na miaka sita. Kila mwaka siku hizo mbili sipitishi kitu mdomoni, si chai, si dawa. Esperansi hajui kama ninazikumbuka tarehe. Kila mtu akiniuliza ninasema nzuri." Akainua macho. "Wewe usiandike nzuri."

Sikuandika chochote. Nilifunga kompyuta, nikasogeza kiti changu mpaka magoti yetu yakagusana, nikamuuliza Deo alikuwa mtoto wa namna gani. Akaanza kunisimulia, kwanza polepole, halafu kwa kicheko, maana alikuwa mtoto mtundu sana, na tukakaa hivyo mpaka alipomaliza.